Hajati Amekubali? Kisa cha afasia na kiwanja cha Bombo

Mgonjwa ni mama wa Kinubi, mkazi wa Bombo, Uganda, mwenye umri uliopita miaka 60. Ni mjane wa askari. Ana duka la nguo na safu ya vyumba vya kupangisha vinavyotazama barabara ya Gulu, na nyuma ya vyumba hivyo ana kipande cha ardhi chenye migomba. Mtaa mzima unamwita Hajati, nami nitamwita hivyo. Mambo kadhaa nimeyabadilisha kwa makusudi ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Familia imeridhia kisa kiandikwe.

Aliyenipigia simu ni bintiye. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na nimezoea kupigiwa na watu wanaotaka mzee wao aongee tena. Swali la kwanza huwa itachukua muda gani. Huyu hakuuliza hivyo. Alisema, "Dada, kaka ameshapokea arbuni ya kiwanja. Anasema mama mwenyewe amekubali. Njoo umwone, utuambie kama kweli amekubali."

Nilipofika, kaka mtu alinipokea vizuri tu. Nasema hivi mapema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kama kwamba lazima pawe na mwizi ndani ya nyumba. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa na deni la hospitali, dawa za kila mwezi, nepi za watu wazima, mtaalamu wa viungo anayelipwa kila akija, na wadogo zake waliokuwa wakimtazama yeye. Mnunuzi alijitokeza, bei ilikuwa nzuri. "Tulimuuliza mbele ya mjomba na mwenyekiti, daktari," aliniambia. "Akasema ndiyo. Tukamuuliza tena, ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo." Mimi si daktari, lakini nimeacha kubishana na jina hilo.

Kilichompata

Alianguka alfajiri akitawadha. Presha alikuwa nayo kwa miaka mingi. Vidonge alimeza akijisikia vibaya, akiacha akijisikia vizuri, habari ambayo kila mhudumu wa afya Uganda anaijua kwa moyo. Picha ya ubongo ya CT ilionyesha kiharusi: mshipa umeziba, na sehemu kubwa ya upande wa kushoto wa ubongo imekosa damu. Mkono wa kulia ulilegea kabisa, mguu una nafuu kidogo, mdomo umevutwa upande. Karatasi aliyotoka nayo hospitalini ilieleza mengi kuhusu presha na sukari. Kuhusu maneno yake kulikuwa na mstari mmoja: mgonjwa amechanganyikiwa.

Mstari huo ulifanya kazi kubwa kuliko dawa zote. Kuanzia siku ile wageni walimsalimu mlezi badala ya kumsalimu yeye. Wapangaji walianza kumpelekea kodi mwanawe. Shekhe aliitwa asome rukya, jambo ambalo sina ugomvi nalo, kwani lilimtuliza. Lakini angalia mgongano uliokuwamo: mtu aliyeandikwa kwamba amechanganyikiwa ndiye huyohuyo aliyehesabiwa ameuza ardhi kwa akili timamu. Wote wawili walikuwa kwenye kiti kimoja na hakuna aliyeshtuka.

Kabla ya maneno kulikuwa na chai. Walikuwa wakimnywesha akiwa nusu amelala, anakohoa, kisha sauti yake inabaki na majimaji. Karibu nusu ya waliopata kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo, na kinachoingia njia ya hewa huleta homa ya mapafu, ambayo huua watu waliokwisha kunusurika. Tulimkalisha wima, funda dogo, ameze mara mbili kabla ya funda lingine, uji mzito kidogo kuliko chai. Hilo lilikwenda vizuri na halihitaji maelezo zaidi.

Maneno yaliyobaki

Hajati alikuwa na afasia. Kwa asiyeijua: ni kuharibika kwa lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi upande wa kushoto, kwa sababu kwa watu wengi lugha imekaa huko. Haigusi ulimi wala masikio, na haimfanyi mtu mwendawazimu. Mtu anajua anachotaka, anamjua mwanawe, anajua nani hajalipa. Njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno ndiyo imekatika, na mara nyingi njia ya kurudi, yaani kutoka neno lililosikika kwenda kwenye maana, nayo ina mashimo. Daktari Paul Broca wa Paris alieleza mwaka 1861 habari za mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu, "tan", kwa kila alichotaka kusema. Wahudumu walimwita kwa silabi hiyo.

Silabi ya Hajati ilikuwa "ndiyo". Alikuwa nayo na "wallahi", basi. "Ndiyo, ndiyo" ilitoka akiwa na kiu, akiwa na maumivu ya bega, akimkaribisha mgeni, akimfukuza kuku. Sauti yake ilipanda na kushuka sawasawa na maana aliyokusudia, hivyo mtu asiyesikiliza kwa makini alidhani anazungumza.

Mwingereza John Hughlings Jackson aliliona jambo hili tangu miaka ya 1870: mgonjwa anaweza kubaki na ndiyo au hapana kama mlio wa hisia tu, huku akishindwa kuitumia kujibu swali. Mdomo unatamka, lakini hakuna kinachodaiwa kuwa kweli wala uongo. Kwa mwanafunzi wangu ningeanzia hapa, kabla ya ramani za ubongo.

Kilichowachanganya zaidi nyumbani ni sura ya Fatiha ya Kurani. Hajati aliisoma yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kusita. Alihesabu moja hadi kumi ukimwanzishia. Kwa hiyo mjomba akaamua kwamba anajua kuongea, ila amekasirika. Nilimwomba mjomba amshikie vidole vinne na kumuuliza ni vingapi. Akaanza "moja, mbili, tatu, nne", kisha akashindwa kusimama, akaendelea mpaka kumi, machozi yakimlenga kwa hasira. Yale tuliyoyarudia maelfu ya mara, kama sala, hesabu, siku za wiki na matusi, hutoka kwa mtiririko wake yenyewe na mara nyingi hunusurika. Kulichomoa neno moja ulitumie kwa haja ya sasa hivi ni kazi nyingine kabisa. Mjomba alielewa haraka kuliko madaktari wengi niliowaeleza.

Lugha ya kumpimia

Hapa Bombo mtu wa umri wake huwa na lugha nne. Hajati alizaliwa katika Kinubi, akaolewa katika Kiswahili cha kambini, akauza nguo kwa Kiganda, na Kiingereza alikijua cha risiti. Hospitalini aliulizwa maswali kwa Kiingereza na Kiganda. Nadhani "amechanganyikiwa" ilizaliwa hapo.

Vitabu vina kanuni mbili za zamani zinazopingana. Mfaransa Ribot, mwaka 1881, aliona kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho kinachodumu. Pitres, mwaka 1895, akasema lugha iliyotumika zaidi karibu na ugonjwa ndiyo hurudi kwanza. Wagonjwa hawazifuati kanuni hizo kwa utiifu. Wengi hurudisha lugha zao kwa pamoja, wachache hurudisha moja na kuiacha nyingine. Kwa Hajati, uelewa wa Kinubi na Kiswahili ulikuwa karibu sawa, Kiganda kikafuata kwa mbali.

Nilichagua Kiswahili, na sababu haikuwa ya kitaalamu sana. Kinubi sikijui, na kila aliyekuwapo wa kunitafsiria alikuwa na fungu lake katika kiwanja. Mkalimani mwenye maslahi huharibu kipimo hata akiwa mkweli, maana uso wake humwambia mgonjwa jibu linalotakiwa. Bintiye aliyeniita alikuwa na maslahi pia. Niliwaomba wote wakae sebuleni.

Vipimo vyenyewe ni tatizo jingine. Jaribio la Boston la kutaja picha lina picha 60, na miongoni mwake kuna nyumba ya barafu ya igloo na mkate wa pretzel. Mama wa Bombo akishindwa kutaja pretzel hana ugonjwa wowote. Utafiti juu ya afasia kwa wasemaji wa Kiswahili upo. Tom Abuom na Roelien Bastiaanse walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wagonjwa wanaosema Kiswahili na Kiingereza. Lakini ukiwa umekaa kwenye mkeka Bombo, kipimo unachohitaji siku hiyo unakitunga mwenyewe.

Kumi na moja kati ya ishirini

Nikatunga maswali 20, kumi ya ndiyo na kumi ya hapana, yamechanganywa bila mpangilio. Mafupi, ya vitu vya kweli. Naonyesha chumvi: hii ni sukari? Wewe ni mwanamume? Tuko Bombo? Kuku hutaga mayai? Jiwe linaliwa?

Alipata 11. Daktari kijana aliyekuwa akimfuatilia kwa simu aliniambia, "Basi anaelewa zaidi ya nusu." Hapana. Ukirusha sarafu mara 20 utapata majibu sahihi kama kumi bila sarafu kuelewa chochote. Mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu naye atapata kumi kamili. Ili niamini kwamba majibu yanatoka kwenye uelewa, nataka 15 au zaidi kati ya 20, kwa sababu kufika hapo kwa bahati tu hutokea kama mara mbili katika mia, na nataka arudie siku nyingine.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa familia lilikuwa fupi: ndiyo tatu alizotoa mbele ya mwenyekiti hazina uzito wowote. Hazithibitishi kwamba amekubali. Hazithibitishi pia kwamba amekataa, na hili bintiye hakulipenda.

Nilimwomba mwanawe anionyeshe alivyomuuliza. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akaanza: "Mama, unajua hali yetu, hospitali wanadai, na sisi tumekaa tumefikiri, yule bwana ameleta pesa nzuri, tukiuza hapa mbele tutakutibu vizuri, si ndiyo mama, tuuze?" Alipofika "si ndiyo" alikuwa anatikisa kichwa chake mwenyewe kukubali. Hajati akatikisa kichwa pamoja naye, "ndiyo, ndiyo". Sentensi kama ile hata mimi mwenye ubongo mzima ningeikubali. Ina sababu nne, ina mapenzi, na ina jibu ndani yake. Mtu mwenye afasia hudaka uso na sauti vizuri sana, kwa sababu hizo hazikuumia. Anashika kwamba mwanangu ananiomba jambo kwa upole, na mama hujibu upole kwa upole. Ongeza na adabu yetu ya salamu, ambapo mgonjwa mahututi akiulizwa habari husema nzuri, na utaona kwa nini kukubali ni rahisi kuliko kukataa hata bila kiharusi.

Kupata jibu la kuaminika

Watu wengi wa fani yangu wangeanza na maneno: taja picha, malizia sentensi, imba maneno ili yatoke. Nayapenda mazoezi hayo na baadaye tuliyafanya. Lakini katika nyumba ambayo mnunuzi anapiga simu kila siku, kumfundisha Hajati kusema "kikombe" kungekuwa anasa. Msimamo wangu, ambao baadhi ya wenzangu wanaupinga, ni kwamba kwa mtu mzima mwenye afasia kali lengo la kwanza ni ndiyo na hapana zinazoaminika, kwa njia yoyote, hata kama mdomo haumo kabisa. Mtu mwenye hizo mbili anaweza kuzuia jambo. Asiye nazo anaweza kufanyiwa lolote na watu wanaompenda.

Nilianza na kadi mbili, moja ya alama ya vema (ndiyo) na moja ya mkato (hapana), nikaziweka mezani kushoto na kulia. Akawa anagusa ya kushoto tu. Kwa dakika kadhaa ilionekana kama ndiyo zilezile zimehamia mkononi. Kisha nikasogeza bilauri upande wake wa kulia na hakuiona. Upande wa kulia wa uoni wake ulikuwa na pengo, jambo la kawaida ubongo wa kushoto ukiumia kwa upana. Kadi ya mkato alikuwa haioni kabisa. Nikazipanga juu na chini, zote mbili kushoto kwake, na mkono ukaanza kuchagua.

Lakini kilichotusaidia zaidi kilikuwa juu ya macho yake. Uganda mtu anakubali kwa kuinua nyusi, bila kutamka kitu. Wageni hudhani hawajajibiwa. Nilipomwambia Hajati "inua nyusi", alinitazama tu, akajaribu, akafungua mdomo. Hii ni apraksia: misuli ni mizima, amri haifiki. Baadaye mjukuu aliingia akauliza, "Bibi, nikuletee embe?" Nyusi zikapanda mara moja. "Nikuletee dawa?" Nyusi zikatulia kabisa, na uso ukageukia ukutani. Kiharusi cha namna hii huvuta mdomo na kuiacha paji la uso, kwa sababu misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo ishara ile ilikuwa hai muda wote, ila ilikuja bila kuagizwa na ilikuja kimya, wakati familia nzima inasikiliza mdomo.

Tukakubaliana nyumba nzima: kinachotoka mdomoni mwa Hajati hakihesabiwi kuwa jibu mpaka nyusi au kadi iseme. Swali moja kwa wakati. Muulizaji asitikise kichwa. Asubuhi baada ya uji, redio imezimwa, maana jioni uchovu ulikuwa ukifuta kila kitu. Baada ya swali, kimya, hata kama kimya kinauma; vijana wa nyumba ile walishindwa na kimya kuliko na zoezi lolote lingine.

Katika majuma yaliyofuata alifika 17, halafu 18. Hapo ndipo nikamwambia mwanawe kwamba sasa tunaweza kumuuliza mama habari za kiwanja.

Siku ya kuuliza

Alikuwapo mwanawe, bintiye, mjomba na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Mwenyekiti, ambaye muhuri wake ndio ungemaliza mauzo, aliniuliza mbele ya wote, "Kwa hiyo wewe ndiye unasema Hajati ana akili?" Nikamjibu kwamba akili yake sikuja kuipima, nimekuja kuhakikisha kwamba yeye akiuliza atajibiwa na Hajati, asijibiwe na bahati.

Nilichora kiwanja kwenye karatasi kubwa ya manila: barabara, njia ya kupita, migomba nyuma. Kila chumba cha kupangisha nikakiwekea kifuniko cha soda. Hajati aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha kwa mkono wa kushoto akasogeza kifuniko kimoja kidogo, kikakaa mahali chumba cha pembeni kilipo hasa. Mwenyekiti akacheka, "Ramani ameirekebisha."

Nikakusanya vifuniko vyote polepole nikiviondoa kwenye karatasi. "Hivi vinauzwa. Unataka?" Mkono wake ulidondoka juu ya vifuniko kwa kishindo. "Ndiyo! Ndiyo! Wallahi!" Mdomo ulikuwa unasema ndiyo, mkono umeshika vifuniko, nyusi zimekunjwa, na kidole kikaenda kwenye kadi ya mkato. Mwanawe aliinamisha kichwa.

Sikuishia hapo, kwa sababu jibu la mara moja mbele ya watu linaweza kuwa hasira tu. Nilizungumza habari nyingine, kisha nikauliza kinyume: "Unataka kubaki na vyumba?" Nyusi juu. Baadaye: "Vyumba viuzwe?" Mkato. "Vyumba vibaki?" Vema. Anayekubali kila kitu angekubali yote mawili, na hapo ningejua tumerudi mwanzo. Nikauliza kuhusu migomba. Akaisukuma ile sehemu ya karatasi kuelekea kwa mwanawe, nyusi juu. Migomba iuzwe? Vema. Migomba ibaki? Mkato.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukumuuliza. Akaanza kupiga mto wa kiti kwa kiganja, "ndiyo, ndiyo", akitazama kabati. Bintiye alisema huwa anafanya hivyo kila siku na wao humpa maji. Tukafungua kabati, tukaanza kutoa kitu kimoja kimoja: leso, kopo la buni, albamu. Lilipotoka daftari la kodi, nyusi zikapanda. Alilifungua mwenyewe, akapata ukurasa, akaweka kidole kwenye jina la mpangaji mmoja ambaye miezi yake ilikuwa mitupu tangu kabla ya yeye kuanguka. Mwanawe hakuwa na habari. Mpangaji alikuwa amemwambia amelipana na mama. Hakuna kipimo nilichokuja nacho ambacho kingeeleza hoja yake vizuri hivyo: vyumba vinaleta pesa kila mwezi, na mnaanza kuuza kabla hamjakusanya.

Tulirudia maswali yaleyale siku nyingine, kwa mpangilio tofauti, bila mwanawe wala bintiye chumbani. Majibu hayakubadilika.

Karatasi na sheria

Nilichoandika katika ripoti ni kidogo kuliko walivyotaka. Niliandika kwamba mgonjwa ana afasia kali ya kutoa maneno. Kwamba neno "ndiyo" analotamka lisichukuliwe kuwa ridhaa. Kwamba kwa nyusi na kadi, katika hali nilizozitaja, majibu yake ni ya kuaminika. Na kwamba aliulizwa hivi, akajibu hivi, tarehe hizi. Uamuzi wa kisheria niliwaachia wenye kazi hiyo.

Hata hivyo mwenyekiti alitaka kujua sheria inasemaje, na ninayoyajua niliyasema. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na serikali iwape msaada wanaouhitaji kuutumia. Kadi na vifuniko vya soda ni msaada wa aina hiyo. Ipo pia sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma, inayotaka hati isomwe na kuelezwa kwa mtu kabla hajaitia sahihi au alama. Hajati alijua kusoma, kisha kiharusi kikamwondolea sehemu kubwa ya uwezo huo. Akiletewa hati leo, kumsomea aya ndefu haraka ni sawa na kutomsomea. Dole gumba ni rahisi kupatikana kwa mgonjwa ambaye mkono wake mwingine umelala. Hilo nililisema kwa sauti, na mjomba akaangalia pembeni.

Tiba yenyewe

Baada ya hapo tulifanya kazi ya kawaida. Kuimba salamu na kupunguza wimbo kidogo kidogo, majina ya wajukuu, "hapana" ambayo ilitoka kwanza ndani ya "hapana asante" na baadaye peke yake. Mwanamama mtafiti wa Toronto, Aura Kagan, aliandika mwaka 1998 juu ya kuwafundisha wazungumzaji wenza, kwa hoja kwamba afasia huuficha uwezo wa mtu na mwenzake anaweza kuufichua. Kwa nyumba zetu zenye watu wengi naona hiyo ndiyo njia yenye faida zaidi kwa saa chache tulizo nazo.

Na saa ni chache kweli. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yaliyokusanya majaribio 57 yenye washiriki 3,002, yalionyesha tiba ya usemi inasaidia mawasiliano, kusoma na kuandika baada ya kiharusi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Stroke ulikuta nafuu kubwa zaidi kwa waliopata kati ya saa 20 na 50 za tiba kwa jumla. Hajati hakukaribia hapo. Makerere ilianzisha shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki mwaka 2008, na waliosoma hapo wanafanya kazi nzuri, lakini wengi wako Kampala na wengi wanatibu watoto. Kutoka Bombo hadi hospitali ya Mulago, Kampala, ni taksi, foleni ya Kawempe na Bwaise, na mgonjwa anayehitaji kubebwa kushuka; nauli ya watu wawili inakula dawa ya presha ya mwezi. Kwa hiyo nilimfundisha mjukuu, yule wa embe, ambaye ana subira kuliko wazazi wake na anaona mchezo wa kadi ni mchezo.

Mnunuzi hakutaka migomba. Alitaka mbele ya barabara, akadai arbuni yake irudi, na sehemu ilikuwa imeshaingia hospitalini. Mwanawe anairudisha kwa mafungu kutokana na kodi, pamoja na ile ya mpangaji wa kidole, aliyelipa nusu baada ya mwenyekiti kumtembelea. Kwa muda kijana hakuzungumza nami. Bintiye alisema anaona nimemwaibisha. Sasa hunipigia mwenyewe. Mara ya mwisho alitaka kujua kama namba ya siri ya pesa za simu inaweza kuulizwa kwa nyusi, tarakimu moja moja. Nikamwambia inawezekana, na kwamba kabla ya tarakimu ya kwanza amuulize mama kama anataka kumpa.